Rodi ya Pijo Lako

Baba,

Usiitafute shikamoo, sijaisahau. Leo nimemwamkia Mama, nimemwamkia Mzee Pazi, nimemwamkia na yule bibi anayeuza karanga hapa Isevya, na kila aliyeniitikia marahaba aliistahili. Wewe nakuandikia bila hiyo.

Ujumbe wako wa sauti tumeusikia. Uliutuma kwenye kundi la ukoo, kwa mashangazi, baba wadogo, wakwe, na watoto waliozaliwa baada ya wewe kuondoka. Kwa miaka kumi na mitatu hujapata hata sekunde kumi za kuuliza kama tuko wazima, lakini juu ya gari uliongea dakika mbili nzima. Ulisema huko Dar siku hizi watu wanayatafuta magari ya kale, wanayang'arisha na kuyatoa kwenye harusi. Ulisema utatuma mtu aje alichukue Pijo lako. Kisha ukacheka kile kicheko chako cha puani, ukamalizia: "Tina, mwambie fundi aangalie kule nyuma, pale mama yako alipolipinda."

Shangazi akaweka vile vikatuni vitatu vinavyocheka mpaka machozi.

Kwa kuwa ulimsema mbele ya watu, nami nakujibu mbele ya watu. Barua hii naiweka kwenye kundi lile lile.

Nianze na yaliyo mazuri, maana yapo, na kuyaficha kungekuwa kujifunza tabia zako. Nililipenda gari lile. Kwa muda mrefu sikujua kutenganisha kulipenda gari na kukupenda wewe. Jumapili kabla ya misa ulikuwa unalipiga maji kwa ndoo, na kazi yangu ilikuwa kung'arisha vifuniko vya ringi mpaka nione meno yangu. Ulikuwa ukisema, "Gari linasema, Tina. Dereva ni yule anayesikiliza." Nilikuwa nasikiliza kwa moyo wote, nikiinamisha kichwa kwenye boneti kama daktari.

Nakumbuka na nyayo zake. Barabara yetu ni ya mchanga, na asubuhi nikienda shule nilikuwa naona umepitia wapi. Magari mengine yaliacha mistari miwili iliyolingana. Lako liliacha wa kulia mwembamba na wa kushoto mpana, kwa sababu magurudumu ya nyuma hayakuwa yanafuata ya mbele sawasawa. Watoto wenzangu walisema gari letu linachechemea. Mimi nikawajibu kwamba linatembea kwa maringo. Nikaweka mguu wangu ndani ya ule mstari mpana na kuufuata mpaka njia panda, nikijiona salama kwa sababu Baba amepita hapa.

Nitarudi kwenye nyayo hizo.

Unaikumbuka harusi ya Baba Mdogo kule Tura? Nilikuwa na miaka tisa. Pijo ndilo lililombeba bibi harusi siku ya Jumamosi, na wewe usukanini na miwani myeusi ulifanana na waziri. Jumapili, wakati wa kurudi Tabora, ulikuwa umekunywa wanzuki mpaka ukawa unalipungia gari mkono wa kwaheri kama mgeni. Mama akachukua ufunguo. Alijua kuendesha kabla hajakujua wewe. Masista wa misheni ya kwao Ntalikwa walimfundisha akiwa msichana, kwenye pikapu yao, akibeba magunia na wagonjwa. Alivua viatu, akafunga kanga kiunoni, akakaa mbele kabisa ya kiti. Mimi nilikuwa nyuma na kuku wawili wa zawadi. Aliendesha polepole, akipunguza mwendo kila tulipoona watu. Mahali fulani tulipita juu ya karavati, gari likadunda mara moja, kuku wakalia, wewe ukafumbua jicho.

"Nini?"

"Karavati," Mama akasema.

"Aa." Ukalala tena.

Ajali yote uliyoisimulia kwa miaka kumi na tisa ni hiyo. Nilikuwepo. Ilichukua muda mfupi kuliko kupiga chafya.

Jumatatu asubuhi ukasimama uani, majirani wakiwa wamekuja kusikia habari za harusi. Ukaonyesha kwa kidole gurudumu la nyuma la kulia, namna lilivyosukumwa nje karibu na ukingo wa madigadi, na la kushoto lilivyojificha ndani. Ukasema, "Mimi miaka yote sijalikwaruza. Yeye siku moja tu, tazameni! Difu zima limehama." Mama alikuwa anaosha mchele kwenye sufuria. Aliinama akatazama gurudumu, akatazama mikono yake. Sijawahi kusahau vile alivyoitazama mikono yake.

Ndipo akaingia Mzee Pazi, yule fundi wa kuchomelea, akisukuma baiskeli. Wote mnaosoma mnamjua: Mzaramo aliyekuja Tabora akiwa kijana na hakurudi kwao, na kwa kuwa sisi ni Wanyamwezi, ni mtani wetu. Hajawahi kuingia uani kwetu bila matusi.

"Wapagazi bwana!" akasema. "Huyu Ijumaa karudi nyuma kwa mbwembwe pale kilabuni, kapanda kisiki, kavunja rodi ya difu. Nimemchomelea mimi, kwa mkono huu. Leo anamtwika mkewe! Si umtwike na kisiki kabisa?"

Watu wakaangua kicheko. Wewe ulicheka kuwashinda wote. "Mnamsikia Mzaramo? Huyu hata akikutajia jina la mama yake, ulizia kwa majirani kwanza!" Na Mama, Baba, hata Mama alicheka, akammwagia Mzee Pazi maji ya mchele: "Toka hapa, mcheza ngoma wewe!" Mimi nilicheka mpaka nikakaa chini.

Ukweli wote ulisemwa pale, jua likiwaka, mashahidi wakiwa wanatosha kujaza kanisa. Hakuna aliyeusikia, kwa sababu aliyeusema alikuwa mtani. Maneno ya mtani hayamshitaki mtu, na kwa sababu hiyo hiyo hayamtetei mtu. Wewe ulilijua hilo. Uliona mlango umefunguka, ukapita humo ukicheka.

Jumatano ya wiki ile Mama alikwenda Ntalikwa kwa miguu. Watu wa ukoo wengi hamlijui hili. Masista walikuwa wamemwomba arudi aendeshe gari la zahanati, na walikuwa wamekwisha kumpa ufunguo. Aliwarudishia. Nilikuwa nimemshika mkono alipomwambia sista, "Nisije nikalipinda na la wagonjwa." Sista alijaribu kumbembeleza. Mama akatikisa kichwa, na tangu siku ile hakushika usukani wa kitu chochote. Hata toroli alikuwa akimwachia mtu mwingine.

Na wewe ulikuwa unamwona. Ulikula chakula chake kwa miaka sita zaidi huku ukimwona.

Mara moja tu ulikaribia kusema. Nilikuwa na miaka kumi. Ulinilaza kwenye gunia chini ya gari ukanionyesha vitu vya chini: hii springi, hili difu linalobeba magurudumu ya nyuma, na hiki chuma kirefu, rodi, ncha moja imefungwa kwenye bodi upande wa kushoto, nyingine kwenye difu upande wa kulia. "Kinafanya nini?" nikauliza. Ukasema, "Kinashika difu lisihame." Kidole chako kilikuwa juu ya mshono wa kuchomelea katikati ya rodi. Ukakiondoa upesi. Mimi nilidhani chuma kilikuwa cha moto.

Nilipokuwa kidato cha pili ulipanda treni na begi lako la kahawia. Gari ukaliacha juu ya mawe. Kwa majirani uliacha na maelezo: "Siwezi kuishi na mtu anayeharibu kila anachokigusa." Nadhani ulijiona umesema jambo zito. Lilikuwa jepesi sana, Baba, kama wewe.

Sasa sikia jinsi nilivyofika hapa.

Nilipoanza kufundisha fizikia nililishusha gari kwenye mawe. Likizo baada ya likizo nilisafisha tangi, nikabadilisha breki na matairi, nikawa naliwasha kila Jumamosi na kulitoa mpaka barabarani. Lilikwenda, likichechemea vile vile. Sikuwahi kutafuta sababu, kwa kuwa niliijua: sababu ilikuwa Mama. Na ujumbe wako ulipokuja, siku iliyofuata nilichukua futi na uzi nikaenda kutafuta kosa la Mama ili nilirekebishe kabla mtu wako hajafika. Naliandika hili nikijidharau. Nina shahada, nawafundisha watoto wasikubali jambo lolote bila kulipima, na kwa miaka kumi na tisa nilikuwa nimebeba neno lako kichwani bila kuliweka kwenye mizani hata siku moja.

Nililipeleka kwenye sakafu ya ghala la shule, mahali pekee ninapopajua hapa palipo sawa. Nikaliacha lisimame kwa magurudumu yake, bila jeki. Nikafunga nati kwenye uzi, nikaining'iniza kutoka ukingo wa madigadi kama timazi, nikapima kutoka uzi mpaka ubavu wa tairi. Kushoto, sentimita saba. Kulia, mbili. Tofauti ni tano, na nusu yake ndiyo kosa lenyewe, kwa kuwa difu likisogea upande mmoja linapunguza huku na kuongeza kule. Difu lilikuwa limehamia kulia kwa sentimita mbili na nusu.

Kama ni karavati lililofanya hivyo, lazima liwe limeacha alama. Nikapima kutoka katikati ya gurudumu la mbele mpaka la nyuma, kushoto na kulia: sawa kabisa. Nikapima urefu wa springi: sawa. Nikainua nyuma, nikazungusha gurudumu moja moja nikitazama kama linayumba: halikuyumba. Nikakagua sehemu rodi inapofungwa kwenye bodi na kwenye difu nikitafuta ufa, kupinda, tundu lililopanuka. Hakuna. Difu lilikuwa zima kama siku lilipotoka kiwandani. Ila halikuwa mahali pake.

Ndipo nikalala chali, nikamulika ile rodi. Katikati kulikuwa na ule mshono, na juu yake bomba dogo lililovishwa kuunganisha vipande viwili, kama bandeji. Nikakaa nalitazama. Karavati linaweza kupinda chuma, linaweza kukivunja. Karavati halichomelei.

Nilimkuta Mzee Pazi kwenye banda lake, siku hizi jicho moja halioni. "Shikamoo."

"Marahaba, mjukuu wa wapagazi. Umeleta mzigo gani?"

"Rodi ya Pijo la Baba. Ni wewe uliyeichomelea?"

Akaacha kutabasamu. "Nilisema."

"Lini?"

"Nilisema, mkacheka. Wewe ulikaa chini kabisa, unashika tumbo."

"Mbona hukurudia, Babu?"

"Mtani harudii. Akirudia unakuwa ugomvi, na ugomvi ndani ya nyumba ya mtu si wangu." Akafuta miwani kwa shati lake muda mrefu. "Lakini ningerudia. Niliwaza baadaye, nikaona aibu, nikanyamaza. Andika na hilo."

Nimeliandika. Unaona, Baba, inawezekana. Mzee wa miaka sabini na kitu amelisema kosa lake kwa pumzi moja, na banda halikuanguka.

Akanieleza na mengine. Ijumaa ile ulimkuta anafunga kazi. Gari lilikuwa juu ya jeki, difu likining'inia na kuegemea kulia. Alikuambia lazima lishushwe lisimame kwa uzito wake, ndipo apime na kuchomelea. Ukamwambia bibi harusi hawezi kungoja vipimo vya Mzaramo: choma hapo hapo. Akachoma hapo hapo. Rodi ikatoka ndefu kuliko inavyotakiwa. Kila siku tangu siku ile imekuwa ikilisukuma difu nje ya mahali pake. Rodi ile haikupinda, ilizidi tu urefu, na kila kilichoungana nayo kikalazimika kusogea.

Lakini nilikuwa na shahidi mmoja tu, naye mtani. Nikarudi nyumbani, na nilipoingia sebuleni nikaona kitu nilichokuwa nakiona kila siku ya maisha yangu. Picha ya harusi ya Baba Mdogo, ile uliyoitundika mwenyewe. Gari limepigwa picha kutoka nyuma, maharusi wanapunga mikono kupitia kioo, utepe mweupe juu ya buti. Ni Jumamosi mchana, Tura. Mama bado hajagusa ufunguo. Na gurudumu la kulia limesukumwa nje kama kiwiko, la kushoto limejificha. Tumekula chini ya picha hiyo miaka yote. Wewe uliitundika, ukagonga msumari, ukarudi nyuma hatua mbili kutazama kama imekaa sawa.

Nilimwonyesha Mama. Nilimweleza kila kitu, uzi, sentimita, mshono. Nilidhani atalia, au atakutukana, nami nilikuwa nimejiandaa kumsaidia. Aliishika picha karibu na dirisha akaitazama. Kisha akasema, "Kwa hiyo ufunguo niliurudisha bure."

Basi. Akarudi jikoni.

Mababu zako, Baba, walisifika kwenye njia yote ya misafara mpaka pwani kwa kubeba mizigo. Ulijisifia hilo kila ulipolewa. Wewe ulishindwa kubeba kosa lako lenye uzito wa chuma kimoja kutoka kilabuni mpaka nyumbani. Ulimtafuta mwanamke akubebee, naye akabeba kuliko mpagazi yeyote, kwa kuwa mpagazi alikuwa anatua mzigo jioni.

Tulitengeneza rodi mpya Jumamosi, pale ghalani. Mzee Pazi alikata bomba nene. Safari hii gari lilikaa kwa magurudumu yake, na kwenye kiti cha nyuma tulipakia magunia mawili ya mahindi, kwa sababu gari likipakiwa difu na bodi hukaribiana, na rodi ipimwe katika hali gari litakayotembea nayo. Nililisukuma difu mpaka timazi zikasema nne na nusu kushoto, nne na nusu kulia. Mama alikuwa amesimama mlangoni na chupa ya chai.

Mzee Pazi akashika kichwa. "Ngoja. Uzito wa dereva haupo."

"Nitakaa mimi," nikasema.

"Wewe ndiye mpimaji. Mpagazi! Njoo uwe mzigo leo."

"Mie nina chai," Mama akasema.

"Chai iweke chini. Au Wanyamwezi siku hizi mnaogopa kukaa?"

Mama akaja. Akasimama kando ya mlango wa dereva. Nilikuwa chini ya gari, namwona miguu tu. Niliona akivua kiatu kimoja, halafu kingine. Gari likazama kidogo alipokaa. Nikapima tena: nne na nusu, nne na nusu. Mzee Pazi akashikiza rodi kwa tone moja la moto, nikapima, akashikiza kwa pili, nikapima, ndipo akamalizia kuichomelea mzunguko mzima. Nikakaza boliti za ncha zote mbili gari likiwa hivyo hivyo chini, lisije likafundishwa uongo mwingine. Nilipotoka, Mama alikuwa bado amekaa. Mikono yake ilikuwa juu ya usukani, naye alikuwa anaitazama.

Hakuendesha siku ile. Wala ya pili. Siku ya tatu nilikuta magunia yameshushwa na kiti kimefutwa.

Kuhusu mtu wako: asije. Nilimuuliza Mama anataka tufanyeje, akafikiri, akasema, "Gari linabaki. Lakini yeye mpelekeeni kilicho chake."

Basi tumekutumia. Kifurushi kimeondoka leo asubuhi kwa basi la Dar, kimefungwa kwenye gunia, jina lako na namba yako ya simu nimeviandika kwa herufi kubwa. Kilipelekwa stendi na Mama. Aliendesha mwenyewe, polepole, mbele kabisa ya kiti, akipunguza mwendo kila tulipoona watu, na Mzee Pazi nyuma akimtukana njia nzima: "Kanyaga, mpagazi! Misafara ya zamani ilikuwa inakimbia kuliko hivi!" Mama alikuwa anacheka. Kutoka stendi hakugeuza gari kurudi nyumbani. Alituteremsha mimi na Mzee Pazi njia panda, akasema anakwenda Ntalikwa kuwasalimia masista, akaondoka peke yake.

Nilibaki nimesimama pale mchangani natazama nyayo zake. Mistari miwili, Baba. Imelingana. Sikuweka mguu ndani.

Ukifungua gunia utakuta rodi yako, mshono na bandeji yake, sijaipaka rangi. Usiipe fundi wa huko, haifai kwa gari lolote. Ukitaka kujua kasoro yake chukua futi. Imezidi sentimita mbili na nusu. Hizo ni zako.

Binti yako, aliyekuwa anang'arisha vifuniko vya ringi,

Tina